Koa wa bahari, konokono wa mfereji au konokono wa migombani: uanze na yupi kusoma neva za kula?

Juzi saa nne usiku mdogo wangu mmoja anayesoma chuo hapa Moshi kanitumia meseji, "Kaka shikamoo, msimamizi kakubali topiki ya neva za kula, ila mnyama kasema nichague mwenyewe na jibu analitaka Jumatatu." Si yeye tu, mwaka huu nimeshaulizwa hilo swali na watu kama wanne, wengine wako Arusha, mmoja ni mwalimu wa sekondari anataka kuwaonyesha wanafunzi neva ikifanya kazi kweli na sio mchoro wa ubaoni. Kila mtu naanza naye upya, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja.

Kwanza kwanini tunasumbuka na hawa viumbe wa utelezi. Binadamu ana seli za neva kama bilioni 86, koa wa bahari ana kama elfu 20 tu, alafu nyingine ni kubwa mno na zina rangi ya chungwa, na kitu kizuri kuliko vyote ni kwamba seli ileile unaikuta palepale kwa kila mnyama wa aina ile, mpaka watafiti wamezipa namba kama nyumba za mtaani. Ukisoma makala ya miaka ya 80 inasema seli fulani iko pembeni kushoto, wewe leo ukifungua wako unaikuta. Na kula ni kitendo kinachorudiarudia. Mdomoni wana kitu kama ulimi mgumu wenye safu za vijino, kinaitwa radula, kinatoka, kinakwangua au kinashika, kinarudi ndani na chakula. Nyuma ya mdomo kuna mafundo mawili ya neva yaliyoungana, ganglia za bakali, ndio yanayopanga huo mdundo. Ukiyatoa ukayaweka kwenye kisahani chenye maji ya chumvi zinazotakiwa, mdundo wa kula unaendelea, mara nyingine wenyewe tu, mara nyingine mpaka uchokoze neva mojawapo, wakati mdomo haupo na chakula hakipo. Siku ya kwanza kuusikia kwenye spika, trrrr kisha kimya kisha trrrr tena, nilikaa nikasikiliza mpaka betri ikaisha.

Kuna jambo moja nalisema mapema kwasababu linapunguza presha ya kuchagua. Wote watatu nitakaowaeleza wana jozi ya seli kubwa kwenye ubongo wa mbele, moja kulia moja kushoto, zina serotonini, kemikali ambayo neva hutumia kupeana habari, na kila moja inatuma uzi mrefu mpaka kwenye ganglia za bakali. Vitabu vinaziita majina tofauti kwa kila mnyama lakini ni zilezile, kila kizazi kimezirithi. Kwa koa wa bahari zinafanya kung'ata kuwe kwa nguvu na kwa haraka zaidi, kwa konokono wa mfereji, yani wa maji baridi yasiyo na chumvi, zisipokuwa macho mdundo wa kula hauendi sawasawa. Maana yake ukianza na mmoja ukahamia kwa mwingine huanzi sifuri.

Vipimo ninavyotumia ni hivi. Unampata wapi na wiki ya pili atakuwa bado hai, seli zake unazifikia kirahisi kiasi gani, saketi yake ya kula imeshachorwa mpaka wapi na wenzetu, anaweza kujifunza nini kuhusu chakula, na mwisho usalama wako, vibali na hela. Hicho cha kwanza watu wanakiruka, na ndicho kinachoua miradi mingi huku kwetu.

Koa wa bahari

Huyu ndiye maarufu. Aplysia californica, wanamwita sungura wa bahari kwasababu ya zile pembe mbili kichwani zilizosimama kama masikio. Eric Kandel alimtumia kusoma kumbukumbu akapata Nobeli mwaka 2000 pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard, ingawa kazi ile ilihusu zaidi koa anavyovuta shavu lake la kupumulia akiguswa. Upande wa kula walioubeba ni kina Irving Kupfermann na Klaudiusz Weiss, na baada yao wengi.

Kumpata. Yule wa California ni wa bahari yenye ubaridi na anazalishwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Miami kwa ajili ya maabara, kumleta mpaka Kilimanjaro akiwa hai ni gharama na kibali juu ya kibali. Pwani yetu ina ndugu yake, Dolabella auricularia, mnene, rangi ya matope, nyuma kakatika kama kisahani kilicholala mshazari, anakaa kwenye majani ya bahari maji ya kina kifupi na anatoka kula usiku. Bahari yetu ya karibu ni Tanga. Mwaka ule tulipewa ruhusa ya kuchukua wawili, tukawaweka kwenye ndoo na pampu ya betri, tukapanda basi asubuhi. Kufika Same ndoo ishakuwa ya moto, mmoja katoa wino wa zambarau maji yote yakawa kama juisi ya zabibu, tukabadilisha maji kutoka kwenye dumu la akiba lakini usiku ule akafa, na yule wa pili alikaa siku tisa akiwa hagusi mwani kabisa. Kiumbe aliyegoma kula huwezi kumsomea neva za kula. Kwahiyo kama unamtaka huyu, wewe ndiye uende kwake, kodi chumba Tanga au omba nafasi kwenye maabara ya pwani, usimlete mlimani. Na usichukue ndani ya eneo la hifadhi ya bahari bila ruhusa, Tanga kuna hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, pale na mipaka yake inajulikana.

Seli sasa. Hapa hana mpinzani, kubwa kabisa mwilini mwake zinafika milimita moja, unaiona kwa macho bila hadubini. Za kula ziko ndogo kuliko hiyo lakini bado ni rahisi kuzichoma kwa elektrodi ya kioo, sindano nyembamba mno ya kupimia umeme wa seli, hata mkono ukiwa bado mgeni.

Saketi yake imechorwa vizuri sana na kuna sehemu moja naipenda mno lazima niieleze. Koa anapomeza, radula inatoka ikiwa wazi, inafunga wakati wa kurudi, kwahiyo inavuta mwani ndani. Anapotema kitu kibaya misuli ni ileile, kutoka na kurudi ni kulekule, ila radula inafunga wakati wa kutoka, kwahiyo inasukuma nje. Kilichobadilika ni muda tu wa zile seli zinazofunga radula, zinaitwa B8. Yani tofauti ya kumeza na kutema kwa huyu kiumbe unaiona kwenye karatasi ya rekodi, mpigo wa B8 umekaa wakati wa kutoka au wakati wa kurudi. Juu yake kuna seli ya ubongo CBI-2, ukiichochea hiyo moja mdundo mzima wa mdomo unaanza. Mwanafunzi akiwa na rekodi mbili tu, ya neva ya kutoa radula na ya B8, tayari anaweza kusema koa "alitaka" kumeza au kutema bila mdomo kuwepo. Mimi sijaona mfano mwingine unaoeleza neva na tabia kwa ufupi namna hii.

Kujifunza pia yuko vizuri. Ukimpa mwani uliofungwa kwenye wavu anajaribu, anashindwa kumeza, anajaribu, baadae anaacha, na kesho yake anaacha mapema zaidi, kazi hiyo ilifanywa sana na Abraham Susswein kule Israeli. Alafu kuna seli B51, ambayo kina Nargeot, Baxter na Byrne mwaka 1999 walionyesha kwamba ukiwapa ganglia zilizo kwenye kisahani "zawadi" kila zinapotoa mdundo wa kumeza, B51 inakuwa nyepesi kuwaka. Zawadi yenyewe ni kuchochea neva ya umio yenye dopamini, kemikali nyingine ya ujumbe wa neva. Mwaka 2002 wakafika mbali zaidi, seli moja peke yake kwenye kisahani ikapuliziwa dopamini mara tu baada ya kuwashwa na ikabadilika vilevile.

Usalama hana shida, hang'ati mtu, nawa tu mikono baada ya wino. Gharama ndio hiyo, maji ya bahari yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita, yabadilishwe, yapate hewa, na umeme usikatike.

Anamfaa nani? Mwenye msimamizi aliyeko pwani au nje ya nchi, mwenye swali la uamuzi wa kumeza na kutema au zawadi, na mwenye miezi sita kwenda juu.

Konokono wa maji baridi

Yule wa vitabuni ni Lymnaea stagnalis, wa Ulaya, na makao makuu ya kazi yake ya kula kwa miaka mingi ni Chuo Kikuu cha Sussex Uingereza, kina Paul Benjamin na György Kemenes. Huku kwetu hayupo ila ukoo wake upo, Radix natalensis, gamba jembamba rangi ya kahawia, tundu kubwa, anashikilia majani na mawe kwenye mifereji inayokwenda taratibu. Mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, vijito vya chini ya mji, maeneo ya namna hiyo.

Hapa naomba usome polepole kwasababu ni afya yako. Mifereji hiyohiyo ina konokono wanaobeba kichocho, na minyoo yake inaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu ndani ya maji. Vaa buti za mpira na glavu ndefu, usiingie na ndala. Kutofautisha, mshike konokono ncha ikiwa juu na tundu likutazame wewe. Tundu likiwa kulia anaweza kuwa ukoo wa Lymnaea. Likiwa kushoto mwache, anaweza kuwa Bulinus, na akiwa bapa kama kamba iliyokunjwa ni Biomphalaria, mwache pia, hao wawili ndio wa kichocho. Huyo Radix mwenyewe anabeba minyoo ya ini ya ng'ombe, kwahiyo usifanyie kazi wale wa porini. Njia ninayotumia ni kuchukua wachache, kuwaweka kwenye beseni peke yao mpaka watage, mayai yanakuwa ndani ya ute kama jeli chini ya jani la saladi, nayahamishia beseni jingine lenye maji safi, na wanaoanguliwa humo hawana minyoo kwasababu minyoo haipiti kwenye yai. Hao ndio wa maabara.

Kumtunza ni rahisi kuliko wote. Beseni, saladi au mchicha, maganda ya mayai yaliyosagwa kwa ajili ya gamba, maji ya bomba yakae siku mbili wazi klorini iondoke. Watu wa Arusha nyie maji yenu ya upande wa Meru yana floraidi nyingi, meno ya watu yanaonyesha, kwahiyo msibadilishe chanzo cha maji katikati ya jaribio, anzeni na maji mamoja mmalize nayo.

Na kumuangalia akila haitaki hata kifaa. Mweke kwenye glasi ya chai iliyoota ukijani kidogo, apande ukutani, wewe tazama kwa nje. Mdomo unafunguka kama herufi T, kitu cha rangi ya kahawia kinatoka, kinalamba kwenda juu, kinarudi, na nyuma yake kinaacha alama safi kama mtu kafuta vumbi kwa kidole. Dondoshea maji ya sukari, chukua simu, rekodi dakika mbili, hesabu. Yule mwalimu nilimwonyesha hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwahiyo hii ndio neva." Ndio, mwalimu, hii ndio.

Seli zake ni ndogo kuliko za koa wa bahari, ile kubwa ya serotonini ni kama sehemu ya kumi ya milimita, unahitaji hadubini nzuri na mkono uliotulia. Lakini ramani ya mdundo ni safi mno, hatua tatu, kutoa, kukwangua, kumeza, na kila hatua ina kundi lake la seli, N1, N2, N3, moja ikiwaka inazima nyingine na kuipisha inayofuata. Mwaka 2016 Sussex hao walitoa kazi ya jinsi seli za aina mbili tu zinavyosaidia kuamua atafute chakula au aache, aina moja inaupasha ubongo habari ya njaa na nyingine habari ya kama kuna chakula mdomoni.

Kwenye kujifunza ndipo anapong'ara. Mshindishe njaa siku chache, mpe mara moja tu harufu ya amili asetati pamoja na sukari, kesho yake mpe amili asetati peke yake, anaanza kukwangua. Mara moja tu! Hilo limejulikana tangu 1984. Na ile harufu kwa pua zetu inakaribia ndizi mbivu, mtu wa Moshi ataielewa bila kuelezwa. Baadae ikaonekana seli zile kubwa za serotonini zinabaki zimepanda umeme wake kidogo kwa siku nyingi baada ya somo hilo.

Ila ujue kitu kimoja, namba na majina yote haya ni ya Lymnaea stagnalis. Wako ni Radix. Mpangilio unafanana lakini ni kazi yako kuonyesha kwamba seli unayoiita N1 ni N1 kweli, usinakili ramani ya Ulaya ukaibandika. Kwa mwanafunzi wa masta hiyo yenyewe inaweza kuwa tasnifu.

Anamfaa mwenye swali la kumbukumbu, mwenye muda mfupi, na mwalimu, mradi suala la minyoo alichukulie kwa uzito wake.

Konokono wa migombani

Lissachatina fulica, zamani Achatina. Huyu ni wa kwetu kabisa, asili yake Afrika Mashariki, huko Asia na kwingine alipelekwa na watu akawa balaa mashambani. Masika ikianza, pita kwenye kihamba chochote kuanzia Machame mpaka Marangu usiku na tochi, utaokota wa kujaza ndoo. Kiangazi anajifungia ndani ya gamba kwa utando mgumu na hali kitu mpaka mvua, kwahiyo panga mradi wako uendane na kalenda. Au geuza hilo liwe swali lako, neva za kula zinakuwa kwenye hali gani mnyama akiwa amejifungia miezi, nami nadhani ni swali zuri ambalo sisi tumekaa nalo mlangoni.

Anakula ganda la papai, kabichi, ndizi iliyooza, na usiku nyumba ikitulia unamsikia anavyokwangua boksi kama mtu anapiga msasa. Seli zake ni kubwa, ubongo wake unafikika, shida ni ngozi inayozunguka ganglia ni ngumu na ute ni mwingi, itakuchukua wiki mbili kuzoea kumpasua. Wajapani walimfanyia kazi nyingi ya kemia ya neva, mwaka 1989 walitoa kwenye ganglia zake kipande cha protini wakakiita achatini. Lakini saketi ya kula yenyewe haijachorwa kwa kina kama za wale wawili, utakuwa unaazima ramani za majirani. Kwenye kujifunza utategemea zaidi binamu yake asiye na gamba, Limax, ambaye Alan Gelperin mwaka 1975 alionyesha kwamba akionja chakula kipya kisha akapewa hewa ya kaboni daioksaidi ya kumdhuru, anakikataa chakula hicho baada ya somo moja tu. Baadae wakatoa midomo na ubongo pamoja kwenye kisahani, wakapakaa ladha midomoni, na somo likashika.

Usalama, vaa glavu na nawa kwa sabuni, konokono hawa wanaweza kubeba minyoo inayopanda kwenye ubongo wa mtu. Watoto wasichezee beseni. Hela ni ndogo kabisa.

Anamfaa asiye na bajeti, anayetaka mnyama mkubwa wa kujifunzia upasuaji na elektrodi, na mwenye moyo wa kuanza sehemu ambayo haijakanyagwa sana.

Vifaa, kwa kifupi

Kwa wote watatu unaweza kuanza bila elektrodi za kioo, tumia ya kunyonya, mrija mwembamba wa plastiki unaovuta ncha ya neva ndani, amplifaya ya betri na spika. Betri ni bora kuliko umeme wa ukutani kwasababu ule mvumo wa hezi 50 unaingia kwenye kila rekodi, na ukizungushia meza wavu wa kuku ukaufunga kwenye nguzo ya ardhini unapungua sana. Meza inayotikisika, weka kipande cha zege juu ya tyubu za pikipiki zilizojazwa upepo nusu. Kibali cha utafiti ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kamati ya maadili ya chuo waulizeni hata kama mnyama hana uti wa mgongo.

Sasa wewe uko wapi?

Una wiki nane na darasa la sekondari, chukua konokono wa mfereji waliozaliwa kwenye beseni, hesabu mikwanguo kwa sukari na bila sukari, umemaliza. Una semesta moja, uko Arusha, hadubini ipo ila amplifaya haipo, konokono wa mfereji na jaribio la harufu ya ndizi, tabia peke yake inatosha. Una amplifaya lakini mkono haujawahi kushika ganglia, anza na wa migombani hata kama hutamtumia kwenye ripoti, haribu kumi, wa kumi na moja atakupa rekodi. Swali lako ni namna neva zinavyoamua kumeza au kutema, hapo sikufichi, nenda baharini, hesabu nauli na chumba cha Tanga kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na kama wanyama wote hawawezekani, rekodi na modeli za kompyuta za ganglia za bakali za Aplysia zimetengenezwa na watu, kompyuta ya kawaida inaziendesha.

Mdogo wangu yeye ana miezi mitatu, anaishi Pasua karibu na mifereji, na swali lake ni kumbukumbu. Nimemwambia Jumamosi aje na buti.